Jiwe la Mlangoni kwa Bibi Kwandu

Nyie wainjilisti vijana mliokuja kwangu Katoro juzi na kalamu mkononi, mlitaka niwafundishe namna ya kuandaa mahubiri. Nikawamiminia chai, nikawauliza mmevaa viatu gani. Mkaangaliana. Mmoja wenu akacheka kwa adabu, kama mtu anayeona mzee ameanza kupotea. Sijapotea. Mimi kazi hii nilifundishwa miguu kwanza, mdomo baadaye, na hilo ndilo nililotaka kuwaeleza, ila bodaboda wenu akaanza kupiga honi nje mkaondoka chai ikiwa nusu kikombe. Basi nimeandika. Someni polepole, bodaboda atasubiri.

Aliyenifundisha miguu ni Mchungaji Yoeli wa Tinde, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Niliripoti kwake nikitoka chuoni, nimevaa viatu vya ngozi vinavyolia kila hatua, nimefunga nyuma ya baiskeli sanduku la vitabu lililokuwa zito kuliko mimi. Alivikagua vitabu, akasifu. Viatu alivitazama tu. Kesho yake alfajiri alinigongea mlango akanikabidhi katambuga, ndala zile za tairi la gari.

"Vaa hizi," akasema. "Twende tukasome usharika."

Nilidhani tunakwenda ofisini kuangalia daftari la washarika. Tukaenda kwenye mlima wa mawe nyuma ya kanisa, akaanza kupanda kama pimbi, mimi nyuma yake natambaa. Tulipofika juu jua lilikuwa linachomoza. Akaniambia nitazame chini.

"Unaona moshi?"

"Naona, Mchungaji."

"Kila mji, yaani kila kaya, una moshi wake asubuhi. Mama anakoroga uji, anachemsha maji. Sasa niambie, mji gani hauna?"

Nilitafuta hadi macho yakatoa machozi. Akanionyesha kwa kidole: mji mmoja wenye uzio wa minyaa, mkavu, hauna hata uzi wa moshi. Akasema, "Ratiba yetu ya leo inaanzia pale." Tulimkuta mjane amelala na homa siku ya tatu, hakuna aliyejua. Tukambeba kwa baiskeli hadi zahanati. Tangu siku hiyo, vijana, kila usharika niliopangiwa nilitafuta kwanza jiwe refu, kisha ndipo nikauliza nyumba ya mchungaji iko wapi. Na ninasema bila haya kwamba hakuna mchungaji katika eneo letu lote aliyewahi kuwafika wagonjwa wake mapema kuliko mimi.

Jiwe la huku kwetu lina tabia zake, mzijue. Likiwa kavu linashika katambuga vizuri kabisa. Likinyeshewa, liacheni hadi jua lilipige nusu siku, maana ule weusi unaoota juu yake huteleza kama mlenda. Penye michirizi myeupe ya mkojo wa pimbi, kwepeni. Msihamishe mkono na mguu kwa pamoja. Na mkishuka, lipeni jiwe uso, msilipe mgongo.

Hiyo ya mwisho niliipuuza siku moja nikiwa na haraka ya kwenda kuzika. Nilishuka kwa mgongo, nikateleza kwa makalio kutoka juu hadi kwenye majani, na suruali yangu ya pekee ya heshima ikapasuka nyuma kutoka mshono hadi mshono. Joho lilikuwa limekwenda kufuliwa. Nilihubiri maziko yale nimeegemea ukuta wa nyumba ya marehemu, sikusogea hata hatua moja. Jioni Mchungaji Yoeli aliniambia watu wamependa sana, wamesema kijana huyu ana utulivu, hatembeitembei kama wengine. Sikumwambia ukweli hadi alipostaafu, na alicheka mpaka akaomba maji.

Siku hizi moshi umepungua. Miaka yangu ya mwisho kazini niliona mji wa mwalimu mmoja hauna moshi siku mbili mfululizo, nikakimbia na mafuta ya kupaka wagonjwa mfukoni. Nikamkuta mke wake anakaanga mandazi kwenye jiko la gesi, amenenepa, ananiuliza, "Mchungaji, mbona unahema hivyo, kuna msiba?" Nikakaa nikala mandazi. Kwa hiyo siwaambii mfuate moshi. Nawaambia mtafute cha kwenu kinachowaonyesha mlango wa kuanzia.

Haya, sasa niwaambie nilichokusudia. Watu wakinisifu husema nilijenga kanisa la matofali, nilibatiza, nilipatanisha. Ni kweli, nilifanya hayo, na nilifanya vizuri. Lakini ninachojivunia kuliko vyote ni mahubiri ya Jumapili moja niliyoyafuta.

Nilikuwa nimepangiwa kijiji kimoja upande wa Nyang'hwale, siku nzima ya baiskeli kutoka Kharumwa ukihesabu na kupumzika. Jina nitaliacha, wenyewe watajijua. Kilikuwa na kilima kimoja kikubwa cha mawe, na watu walikiita Lugulu, yaani kilima tu kwa Kisukuma, kana kwamba duniani hakuna kingine. Chini yake kulikuwa na kisima kisichokauka hata kiangazi kikali, kijiji kizima na ng'ombe wake walikitegemea. Upande uliotazama nyumba yangu, Lugulu lilikuwa ukuta mtupu. Hakuna mtu aliyepanda upande ule. Mimi nilipanda, wiki ya kwanza. Nilitumia asubuhi nzima na kucha mbili za vidole, nikafika juu nikiwa najiona mimi ndiye mimi.

Kule juu palikuwa na uwanda wa jiwe, na kwenye uwanda ule vishimo kumi na tisa. Vilikuwa vimepangwa karibu karibu, kila kimoja chenye urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, ndani laini kama bakuli. Nilipiga magoti nikavipapasa. Halafu nikafikiri, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilifikiri peke yangu.

Mimi nilikuwa mpenda elimu, bado ni mpenda elimu. Nilikuwa na madaftari ambamo niliandika majina ya miti, ya vilima, misemo ya wazee, nyimbo za kulimia. Nilijiambia: hapa pamefichika, ukuta wote ule, mtu wa kawaida hawezi kufika na mzigo. Kwa hiyo waliofika walikuwa makuhani. Vishimo ni vya damu. Hii ni madhabahu ya kale. Niliandika kurasa kumi na nne, nikachora na mchoro. Nikazisoma kwenye mkutano wa wachungaji, watu wakapiga makofi, mkubwa mmoja akaniomba nakala. Ndugu zangu, nilirudi kijijini nikiwa nimevimba kichwa.

Jumapili iliyofuata nilipanda mimbarini na karatasi zangu. Nikawaeleza kwamba juu ya Lugulu watu walimwaga damu kwa mizimu, na kwamba kuanzia siku hiyo Mkristo asikanyage kule. Kanisa likawa kimya kabisa. Nikakichukua kile kimya kuwa ni kuguswa mioyo. Mimi mwenyewe niliendelea kupanda kila asubuhi kutazama moshi.

Kwenye benchi la tatu alikaa mama mmoja anaitwa Kwandu. Wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake, sasa wote tunamwita Bibi Kwandu. Ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na nyumbani kwake ndiko nilikokunywa chai nyingi kuliko pengine popote. Mlango wake ulikuwa haukai wazi wenyewe, kwa hiyo aliuzuia kwa jiwe jeusi lenye ukubwa wa mkate, laini, lililolika upande mmoja. Kila nilipoingia nilijikwaa kwenye jiwe lile. Si mara moja moja, ni kila nilipoingia. Naye kila mara alisema, "Pole, baba Mchungaji. Halijakuzoea tu," kisha akacheka.

Nilijikwaa kwenye lile jiwe kwa miaka ishirini na zaidi, vijana. Msisahau hilo nikiendelea.

Miaka ikapita. Dhahabu ikaonekana maeneo ya karibu, watu wakamiminika kutoka kila mkoa, maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, yakachimbwa, makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yakaanza kunguruma mchana kutwa. Kijiji kikawa na msikiti, maduka, na barabara iliyotaka kujengwa. Barabara ikataka kokoto. Ndipo akaja mwenye mashine ya kupasua mawe, mtu mpole, mwenye salamu nzuri, akaomba apewe Lugulu. Aliahidi vyumba viwili vya madarasa. Mkutano wa kijiji ukapangwa kuamua.

Mwenyekiti wa kijiji, Masanja, alikuja kwangu wiki mbili kabla. Alikuwa na wasiwasi usoni.

"Mchungaji, kisima kile wakianza kupasua juu yake, sidhani kama kitabaki. Nimezunguka kwa watu. Wengine wanaogopa maji. Lakini watu wako wa kanisani, karibu wote, wanasema kilima kivunjwe tu."

"Kwa nini wanasema hivyo?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama namtania. "Si wewe ulisema ni madhabahu ya mizimu? Wanasema bora kiondoke. Nani atasimama hadharani kutetea madhabahu ya mizimu? Na wewe ukitetea, utasemaje?"

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Nikaona kwa macho yangu kwamba nimekitoa kile kilima kwa mdomo wangu mwenyewe, mashine imekuja tu kuchukua. Lakini bado, mnisikilize vizuri, bado niliamini ni madhabahu. Nilifikiri tu nitafute njia ya kuongelea maji bila kuongelea damu. Nikaamua niende kwa Bibi Kwandu, maana akina mama wakimsikia mtu, ni yeye.

Nikafika, nikaingia, nikajikwaa. Safari hii dole gumba lilitoa damu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema nikirukaruka kwa mguu mmoja.

"Marahaba, baba Mchungaji. Pole. Halijakuzoea tu."

Nilikuwa na hasira ya mambo mengine, ikatokea pale. "Bibi, hili jiwe si ulitupe? Nitakuletea tofali zima la kanisani."

"Yaya," akasema, yaani hapana. Hakucheka. "Hilo ni la mama."

"La mama, kwa kazi gani?"

"La kusagia. Hilo ndilo la mkononi. La chini liko Lugulu, halibebeki."

"Lugulu wapi?"

"Juu," akasema. "Kwenye vile vishimo vyako vya damu."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Zamani, kabla ya mashine za kusaga, kila mji ulikuwa na kishimo chake kule juu, unakirithi kwa mama. Walipanda na vikapu vya mtama, kwa sababu kule kuna upepo wa kupepetea na jiwe halitoi vumbi wala mchanga kwenye unga. Walisaga wakiimba, wakianika, wakisutana, wakipanga ndoa za watoto wao. Yeye mwenyewe alianza kusaga pale akiwa hajang'oa meno ya utotoni. Hata mashine zilipokuja, zikikosa dizeli, walirudi juu.

"Walipandaje na vikapu?" nikauliza. Nilikuwa bado nabishana, Mungu anisamehe. "Ule ukuta?"

"Ukuta gani? Njia iko nyuma, upande wa jua kuzama. Imelika hadi imekuwa ngazi." Akanitazama. "Sisi tulikuwa tunakuona asubuhi unaning'inia upande ule. Tukasema, huyu mtu kwa nini anapanda ukutani wakati mlango upo?"

"Na mlidhani nafanya nini kule juu kila siku, wakati nimewakataza ninyi?"

"Tulisema umekwenda kupigana na hiyo mizimu."

Ningecheka, lakini niliuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka ishirini nyuma. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anakunja ukingo wa kanga yake, anaukunjua. "Ungeambiwaje? Ulisimama mbele umeshika karatasi. Ulikuwa umesoma. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikajiuliza, mama alikuwa anafanya nini kingine kule juu? Nilisaga naye maisha yangu yote. Lakini nikasema, labda kuna siku walizopanda bila mimi. Labda alinificha." Akafuta macho kwa ile kanga. "Mama alikufa nikiwa namwuguza mimi, Mchungaji, na tangu mahubiri yako nimekuwa na shaka naye."

Vijana, nimesimama kwenye makaburi mengi, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Sikuwa nimekosea historia peke yake. Nilikuwa nimemchafua marehemu mbele ya binti yake, na binti yake alikuwa amenipikia chai miaka yote hiyo.

Akaniambia na la mwaka ule mashine ya kusaga ya kijiji ilipoharibika msimu mzima. Wanawake wa kanisa walibeba mtama kichwani mpaka kijiji cha jirani, wakivitazama vishimo vyao vile pale juu. Hakuna aliyepanda, kwa sababu Mchungaji alikuwa amekataza.

"Bibi," nikasema, "kesho utanionyesha hiyo njia?"

"Magoti yangu yamechakaa."

"Nina kamba. Nitakufunga kiunoni, nitakuvuta. Kazi hiyo naiweza kuliko kuhubiri."

Hapo akacheka.

Asubuhi nilifika na kamba ya manila ya wachimbaji, mita thelathini, nimeizungusha begani kwa madaha. Nilikuwa nimeshajifikiria nitakavyomteremsha pale ukutani kwa ustadi. Akanipitisha nyuma ya kilima, akapekua vichaka kwa fimbo yake, na njia ikaonekana. Hatua zilizolika ndani ya jiwe, pana, za mguu wa mtu aliyebeba mzigo. Bibi wa miaka themanini alipanda akipumzika mara nne. Kamba niliibeba tu, haikufanya kazi yoyote. Mpanda milima mzima mimi, nilifuata nyuma nikiwa nimebeba lile jiwe la mlangoni, maana aliniagiza nije nalo.

Kule juu hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja hadi kishimo cha saba kutoka ukingoni, akapiga magoti, akaniomba jiwe. Aliliingiza. Likakaa, upande uliolika chini, kama mguu kwenye katambuga yake ya siku zote. Akafungua fundo la kanga, akatoa mtama kiganja kimoja, akaanza kusaga. Alianza kuimba chini chini, akaacha, akaanza tena. Unga ulitoka mweupe. Aliuchota kwa kidole akaonja, kisha akaniwekea na mimi kiganjani.

"Mama hakunificha kitu," akasema. "Tulikuwa tunasaga tu."

Nikatoa daftari. Akanitajia wenye vishimo, kimoja baada ya kingine, kumi na tisa, akionyesha kwa fimbo. Nyanzobe, huyo mama yake. Minza. Holo. Nkamba, ambaye alikuwa anasaga ovyo na unga wake ulisemwa. Niliandika yote, hata la unga wa Nkamba.

Mzee Maganga, mzee wa kanisa na rafiki yangu wa siku nyingi, alisikia nilichokusudia, akaja jioni ile ile. "Mabula," akaniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu. "Umebakiza miezi mitatu. Watu wanakuheshimu. Ukisimama mbele ya Waislamu, mbele ya wachimbaji, mbele ya kila mtu, ukasema mchungaji alihubiri uongo, si kesho watauliza na mengine yalikuwaje? Kiache kilima kiende, wewe uende na heshima yako."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kile nilichokuwa najiambia mwenyewe tangu asubuhi. Nikamjibu, "Heshima hiyo niliichukua kwa mama yake Kwandu. Si yangu."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mwenye mashine alieleza mpango wake vizuri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Masanja akaniita. Nilisimama na katambuga zangu miguuni, kitambaa kwenye dole gumba.

Nilisema, "Miaka mingi iliyopita niliwaambia kwamba juu ya Lugulu kuna madhabahu ya damu. Nilikosea. Sikumwuliza mtu. Nilipanda ukutani, sikuiona njia, nikahubiri nisichokijua. Ninayafuta mahubiri yale leo, mbele yenu wote, na wazee wenu walioko kaburini wanisamehe. Kule juu mama zenu walisaga unga. Nitawasomea majina yao."

Nilisoma. Niliposema Nyanzobe, Bibi Kwandu akasimama. Niliposema Minza, wakasimama wawili upande wa kwaya, na mwanamke mmoja mwenye hijabu aliyeolewa upande wa pili wa kijiji. Holo, wakasimama watano. Nilipofika Nkamba, bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Unga wake haukuwa mbaya, ni chuki tu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kwenye kicheko kile nilisikia kitu kimefunguka. Mchimbaji mmoja kijana, mgeni, alinyoosha mkono akasema hata kwao Singida bibi yake ana kishimo kama hicho, na kwamba yeye hajawahi kusikia ni cha mizimu. Kufika jina la kumi na tisa, karibu nusu ya wanawake wa mkutano walikuwa wamesimama, na hakuna aliyewaambia wakae.

Kura ilipopigwa, Lugulu lilibaki. Mwenye mashine alipewa kilima kingine kisicho na kisima, mbali na makazi, akakubali bila kinyongo, na madarasa aliyajenga. Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Familia mbili zilihama kanisa letu, zikasema mchungaji anayebadilika habari zake haziaminiki. Vijana wengine walisikitikia kazi zilizokwenda mbali. Mzee Maganga alininyima maneno wiki nzima, kisha akaja kunisaidia kufunga mizigo, na kabla hatujamaliza akaniomba nimwonyeshe ile njia ya nyuma.

Nimestaafu nikiwa na daftari moja ninalolipenda kuliko yote, lenye majina kumi na tisa na mchoro mpya. Zile kurasa kumi na nne nazo ninazo. Sikuzichoma. Nimeandika juu kwa kalamu nyekundu, *Huyu hakuuliza*, ili atakayezikuta ajue. Mkija tena nitawaonyesha. Nanyi, kama mnanisikiliza, siku mnapoandika mahubiri kuhusu watu, muwaulize wenyewe kwanza, na muanze na yule anayekaa benchi la tatu akiwa kimya.

Kwa Bibi Kwandu nilibaki na deni moja. Jiwe la mama yake aliliacha kule juu, kwenye kishimo chake, akasema limerudi nyumbani. Kwa hiyo mlango wake ukawa unapigwa na upepo. Siku ya kuagana nilipanda Lugulu mara ya mwisho, kwa njia ya akina mama, nikachagua jiwe la kawaida tu, nikalibeba begani hadi kwake. Nililiweka mlangoni, nikaingia ndani, na niliporudi kuchukua kofia yangu nje nikajikwaa nalo.

"Pole, baba Mchungaji," akasema. "Halijakuzoea tu." Kisha akalitazama lile jiwe jipya, akanitazama mimi. "Hili nalo ni la nini?"

"La kuzuia mlango, Bibi. Hakuna kingine."

"Basi toa daftari lako uandike hivyo," akasema. "Nikifa, asije msomi mwingine akasema nilikuwa naliabudu."

Nikatoa daftari, nikaandika, nikamsomea.